Brauza ipi niweke nyumbani? Maswali nnayoulizwa kila wiki kuhusu Chrome, Firefox, Edge, Opera na wenzao

Nina kistationari Morogoro, kopi, printi, fomu za mkopo wa chuo, paspoti saizi, na pembeni natengeneza laptopu za watu. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza kuhusu brauza na maswali ni yale yale, kwaiyo nimeamua kuyaandika yote, mtu akiniuliza namtumia linki tu. Hakuna kampuni iliyonilipa. Sehemu nnayopendelea nitasema napendelea.

Brauza ni nini, si ndo Google?

Hapana ila naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Brauza (shuleni wanaita kivinjari) ni programu ya kufungulia tovuti. Google ni tovuti ya kutafutia vitu, unaweza kuifungua ndani ya brauza yoyote. Chrome ndo brauza, na Chrome ni mali ya kampuni ya Google, hapo ndo watu wanapotea. Mteja akiniambia "niwekee Google kwenye laptopu" mi najua anataka Chrome, sibishani naye, naweka.

Sawa, ipi bora? Usinizungushe.

Kompyuta yako ikiwa na RAM (memori ya kufanyia kazi) 8GB na kuendelea, na matumizi yako ni imeili, YouTube, WhatsApp ya kwenye kompyuta na kuangalia matokeo ya mechi, basi Chrome, Edge na Firefox zote zinakutosha na tofauti ya spidi hutaiona kwa macho. Laptopu ya 4GB yenye Windows, anza na Edge, iko humo tayari hudaunlodi chochote. Una Mac au iPhone, Safari, inabembeleza chaji kuliko wengine. Umechoshwa na matangazo, Firefox ukaiongezea kizuizi, au Brave kama hutaki kuhangaika. Simu ndogo na bando la mawazo, Opera Mini, ila ina masharti yake nimeyaeleza chini.

Mimi mwenyewe natumia mbili kwa pamoja, na kama kuna kitu kimoja cha kuondoka nacho hapa basi ni hicho. Soma swali la benki.

Mbona zote zinafanana?

Kwa sababu nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Unajua Noah na Voxy? Gari ni moja, taa na sura ya mbele ndo tofauti. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet zote zimejengwa juu ya Chromium, ambao ni mradi ulioanzishwa na Google na kodi yake (yale maandishi yanayounda programu) iko wazi kila mtu anaruhusiwa kuichukua. Opera walikuwa na injini yao wenyewe (ile sehemu inayosoma tovuti na kuichora kwenye kioo) wakaiacha 2013, Microsoft nao wakaiacha ya kwao Januari 2020, Edge ikazaliwa upya ikiwa na injini ya Chrome ndani. Waliobaki na injini zao ni Firefox na Safari.

Kwenye iPhone ndo kuna kichekesho zaidi, kwa miaka yote Apple wamelazimisha kila brauza itumie injini ya Safari, kwaiyo Chrome ya iPhone ni Safari iliyovaa jezi ya Chrome. Umoja wa Ulaya uliwabana mwaka 2024 wakalegeza kwa watu wa huko, baadaye Japani nao, ila sio kwa dunia nzima.

Faida ya kujua hili ni moja. Tovuti ikikugomea kwenye Chrome, kwenda kuijaribu kwenye Edge mara nyingi ni kupoteza muda, injini ni ile ile. Jaribu Firefox, hapo utajua kama shida ni tovuti au ni brauza yako.

Chrome inakula RAM, kweli au stori za mtaani?

Kweli, ila haili peke yake. Brauza za siku hizi kila tovuti inapewa chumba chake ndani ya kompyuta, ili moja ikigoma isiangushe zote, na ili tovuti ya hovyo isichungulie ya benki uliyofungua pembeni. Hilo la kuchunguliana lilipamba moto 2018 ulipotangazwa udhaifu wa Spectre kwenye prosesa, Chrome wakaongeza kuta. Kuta zinalipiwa kwa RAM.

Sasa chukua laptopu ya refabishi ya Dubai, RAM 4GB, Windows yenyewe ishakula nusu kabla hujagusa kitu, halafu mtu anafungua tabu 30 (Chrome ukiiweka Kiswahili inaziita vichupo, mtaani ni tabu, na zikifika 30 ni tabu kweli). Hapo hata umletee brauza ya malaika itakwama.

Kabla hujahama fanya hivi. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja, kinatokea kidirisha kinaonyesha kila tabu na kila ekstensheni (kijiprogramu ulichoiongezea brauza) imekula kiasi gani. Panga kuanzia kubwa. Kuna kijana wa chuo aliniletea laptopu anasema Chrome imeoza, tukafungua hicho kidirisha, kumbe kuna ekstensheni ya kubadilisha PDF aliiweka akiwa mwaka wa kwanza akaisahau, ilikuwa inakula kuliko YouTube iliyokuwa inacheza. Tukaifuta, laptopu ikapumua, akaondoka. Firefox nayo ina kidirisha hicho hicho, vitufe ni vile vile.

Halafu ingia kwenye setingi, sehemu ya utendaji, washa swichi ya kuokoa memori. Hiyo inazilaza tabu ambazo hujazigusa muda mrefu, ukirudi inazifungua tena. Edge inayo muda mrefu tu na kwa maoni yangu inaifanya vizuri zaidi, ndo maana kwa 4GB naanza na Edge. Ila ukiwa na hela kidogo, ongeza RAM ifike 8 na toa hadi diski ya zamani ya kuzunguka uweke SSD. Hakuna brauza itakayokupa mabadiliko hayo.

Bando langu ni dogo, brauza ipi inaokoa MB?

Hapa kuna jibu la watu na jibu la ukweli.

Jibu la watu ni Opera Mini, na sio uongo. Waliotumia Nokia za vitufe wanaikumbuka, ilitoka mwaka 2005 huko Norway na kwa miaka mingi ndo ilikuwa intaneti yenyewe kwa watu wengi huku kwetu. Inavyofanya kazi, ukiomba ukurasa simu yako haiendi kwenye tovuti moja kwa moja, inaiomba seva ya Opera (kompyuta yao ya mbali), seva inaufungua ule ukurasa, inaubana, inakuletea kifurushi kidogo. Kwa kusoma magazeti na blogu MB zinapungua sana tu.

Masharti sasa. Ule ubanaji mkali kabisa unavuruga tovuti nyingi za kisasa, vitufe havibonyezeki, fomu hazitumwi. Na kwa kuwa seva ya katikati lazima iuone ukurasa ndo iubane, usiri wa moja kwa moja kati yako na tovuti unakuwa haupo. Kwaiyo Opera Mini kwenye ubanaji mkali usiitumie kuingilia benki wala mahali pa kuandika paswedi ya maana. Kusomea habari, poa.

Chrome ya simu nayo ilikuwa na kitu cha namna hii, wakakiondoa Machi 2022. Ukiona mtu anakuelekeza leo ukiwashe, maelekezo yake yamepitwa.

Jibu la ukweli ni kwamba bando lako haliliwi na kurasa, linaliwa na video. Na video ishabanwa tayari, brauza haina cha kuongeza. Saa moja ya YouTube kwenye 1080p inaweza kuvuka GB 1, ukishusha hadi 360p inakula sehemu ndogo tu ya hiyo, na kwenye kioo cha simu hotuba ni hotuba tu. Bonyeza kile kigurudumu, shusha ubora. Kizuizi cha matangazo nacho kinaokoa, maana tovuti nyingine za habari tangazo ni zito kuliko habari.

Na kitu ambacho watu hawakijui, ukiunga laptopu kwenye hotspoti ya simu, mara nyingi mwizi sio brauza kabisa, ni Windows inajiapdeti kimya kimya. Ingia setingi za Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, washa ile swichi inayoiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Nimewaokolea watu GB nyingi kwa swichi hiyo moja.

Laptopu inaniandikia pembeni "una virusi 5", ni brauza gani haina virusi?

Hii naipenda kwa sababu ndo inaliza watu hela bure.

Alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa heshima zake, laptopu ameifunga kwenye kanga. Kila baada ya dakika mbili tatu kona ya chini kulia kinatokea kibao chekundu, kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa usafishe. Kuna fundi alishamwambia alete 40,000 apigiwe Windows upya. Nikamwambia mama kaa kwanza. Tukafungua Chrome, vidoti vitatu juu kulia, setingi, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Pale kuna orodha ya tovuti ulizoziruhusu zikutumie arifa. Zilikuwa 17. Moja ya kudaunlodi muvi, moja ya matokeo ya mechi ambayo mwanae aliifungua, nyingine majina hata hayasomeki, herufi na namba tu. Tukazifuta moja moja, mwisho nikazima kabisa tovuti kuomba arifa. Tukakaa dakika kumi tunasubiri kibao kitokee. Kimya. Akanilipa 2,000 ya kopi za mitihani alizokuja nazo, basi.

Vibao hivyo havikuwa virusi, ni matangazo ya uongo yanayopita kwenye mlango wa arifa. Yanavyoingia, unafungua tovuti inakuandikia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe sio roboti". Hakuna uthibitisho wowote hapo, unapobonyeza Ruhusu umewapa funguo. Iwe Chrome, Edge, Firefox, mchezo ni ule ule na dawa ni ile ile.

Nataka kuondoa matangazo, Chrome si inatosha?

Ilikuwa inatosha. Kizuizi kilichokuwa kinasifika zaidi ni uBlock Origin, lakini Google walibadilisha kanuni za ekstensheni na kati ya 2024 na 2025 kile kizuizi kamili kikazimwa kwenye Chrome. Kimebaki kidogo chake, uBlock Origin Lite, kinafanya kazi ila sio ile nguvu ya zamani. Walisema ni kwa ajili ya usalama na spidi. Inawezekana, ila kampuni inayoishi kwa matangazo ikikwambia imepunguza makali ya kizuizi cha matangazo kwa faida yako, wewe tafakari mwenyewe.

Firefox bado inakipokea kile kamili, hadi kwenye simu za Android, na hiyo ndo sababu kubwa mi niko Firefox. Brave haihitaji kuongeza kitu, kizuizi kimo ndani, nembo yake ya simba iko pale juu unaigusa inakuonyesha imezuia vingapi. Iliasisiwa na Brendan Eich, yule yule aliyetengeneza JavaScript, lugha ya kutengenezea tovuti, mwaka 1995. Ina mambo ya sarafu za mtandaoni humo ndani, pochi, zawadi, sijui nini, zima vyote kwenye setingi na maisha yanaendelea.

Ila wale wanaoandika vitu vizuri kwa Kiswahili, wanakula kwa matangazo hayo hayo. Mi tovuti zangu tatu nnazozipenda nimezifungulia.

Dirisha la siri linanificha kweli?

Linakuficha kwa watu wa nyumbani kwako. Nje ya hapo, hapana. Chrome inaita hali fiche, ukifunga dirisha brauza inasahau historia na kuki (vikumbusho ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta yako), basi. Kampuni ya mtandao bado inaona umeunga tovuti gani, tovuti yenyewe inakuona, ofisini wanaosimamia mtandao wanaona. Google walishtakiwa Marekani 2020 kwa kukusanya data za watu waliokuwa kwenye hali fiche, na 2024 wakakubali kufuta rekodi za mabilioni na kuandika onyo lililo wazi zaidi.

Matumizi yake mazuri ni kuingia kwenye akaunti yako kwa kompyuta ya mtu. Wateja wangu nawaambia kila siku, ukija stationari kufungua imeili yako fungulia kwenye dirisha la siri, Ctrl, Shift na N kwenye Chrome na Edge, kwenye Firefox ni P badala ya N. Hawasikii. Zamani nilikuwa nafungua duka asubuhi nakutana na Gmail ya mtu wa jana iko wazi, hadi barua za kazi naziona. Nikahamishia kompyuta za wateja kwenye Firefox nikaiseti ifute kila kitu ikifungwa, nikapata amani.

Kompyuta moja, tuko watano nyumbani, tunafanyaje?

Watu wanahangaika kuchagua brauza wakati shida iko hapa. Baba kaingia Gmail yake, mtoto anafungua YouTube kwa akaunti ya baba, kesho baba anafungua simu yake mbele ya wageni inampendekezea katuni na magemu, maana akaunti ni ile ile. Tena akiwasha kusawazisha (brauza za simu na kompyuta zigawane vitu), historia ya mmoja inatokea kwa mwingine. Nyumba zimetikisika kwa hili, sitaki kusimulia.

Dawa ni profaili. Chrome na Edge, gusa ile picha ndogo ya duara juu, ongeza mtu. Kila mmoja anakuwa na dirisha lake, rangi yake, paswedi zake, alamisho zake (kurasa alizojiwekea alama). Firefox nayo inazo profaili. Ila jua kuwa profaili ni pazia sio ukuta, mtu akitaka kufungua ya mwenzie anafungua. Ukitaka ukuta tengeneza akaunti tofauti za Windows, kila mtu na nenosiri lake.

Kwa watoto, Google wana Family Link inayoshirikiana na Chrome, Microsoft nao wana ya kwao inayoshirikiana na Edge. Hiyo ya Microsoft ina kawaida ya kuwa rahisi zaidi kwenye kompyuta ya Windows, Family Link inafaa zaidi kwenye simu na tableti za Android. Zote mbili mtoto mjanja wa sekondari atazizunguka, usiache macho yako.

Mambo ya benki na malipo, ipi salama?

Yoyote iliyoapdetiwa. Chrome, Firefox, Edge, Safari zote zinatoa marekebisho ya usalama mara kwa mara, hatari ni mtu aliyekaa na toleo la miaka mitatu nyuma.

Ila hiki ndo nilichokuahidi. Weka brauza mbili. Moja ya pesa, haina ekstensheni hata moja, haifungui muvi, haifungui linki za WhatsApp, inaingia benki, kodi, maombi ya serikali, imebaki hapo. Nyingine ya mengine yote. Mi ya pesa ni Chrome kwa sababu mifumo mingi ya malipo hujaribiwa kwanza humo, ya mengine ni Firefox. Sababu ni kwamba ekstensheni nyingi ukiiweka unairuhusu kusoma kila ukurasa unaoufungua, na ekstensheni nzuri leo inaweza kuuzwa kesho kwa mtu mwingine ikaapdetiwa ikawa kitu kingine. Ukitenganisha, hata huku kukichafuka kule kuko safi. Haigharimu kitu.

Kuhusu kile kikufuli, usikitegemee. Kikufuli kinamaanisha njia kati yako na tovuti imefichwa, hakimaanishi mwenye tovuti ni mtu mwema, hata tapeli anaweza kukipata. Chrome walikitoa kabisa 2023 wakaweka alama nyingine. Angalia jina la tovuti herufi kwa herufi. Na kuna msaidizi mmoja watu wanamdharau, paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Ukifika kwenye tovuti feki inayofanana na ya benki yako, brauza haitajaza paswedi, kwa sababu yenyewe inasoma jina sio sura. Ikikataa kujaza mahali ambapo kila siku inajaza, simama. Bila shaka hapo naongelea kompyuta yako mwenyewe yenye nenosiri, ya wote usihifadhi kitu.

Bado niko Windows 7, nifanyeje?

Chrome ya mwisho kwako ni toleo la 109, liliishia mwanzoni mwa 2023. Firefox walitenga toleo maalum la 115 kwa ajili ya mashine za zamani na wakawa wanaliongezea muda, kwaiyo kati ya wakubwa huyo ndo alikujali zaidi. Lakini Windows yenyewe haitengenezwi tena, usifanyie mambo ya benki humo.

Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuipa huduma ya kawaida 14 Oktoba 2025, ila brauza kubwa bado zinaendelea kuipa matoleo mapya. Usikimbilie kutupa mashine.

Na wewe unayeuliza Internet Explorer iko wapi, ilistaafishwa Juni 2022. Ukikuta mfumo wa zamani wa ofisi unaitaka, Edge ina hali maalum ya kuiigiza, iko kwenye setingi.

Opera ina VPN ya bure, si ndo bora?

Kwanza Opera ya leo sio ya Wanorwe peke yao, iliuzwa 2016 kwa kundi la wawekezaji wa China, ofisi bado ziko Oslo. Pili hiyo VPN ya bure (njia ya kupitisha mtandao wako kwenye seva nyingine) inapitisha mambo ya ndani ya brauza tu, programu nyingine kwenye kompyuta haziguswi. Kwa kufungua tovuti iliyozuiwa inasaidia. Kwa siri za maana, hapana. Vijana wa magemu wanaipenda Opera GX kwa sababu unaiwekea kikomo cha RAM, hicho ni kitu kizuri kweli, ila kikomo kikiwa kidogo tabu zenyewe zinakuwa nzito, hakuna muujiza.

Simu yangu ya Tecno ilikuja na Phoenix, niitumie?

Inafungua tovuti, inadaunlodi video, ndo maana inapendwa. Mi nachoka na vile inavyonimwagia habari za udaku na arifa nikiifungua tu. Izimie arifa, weka Chrome au Firefox iwe chaguo la msingi, Phoenix ibaki ya kudaunlodia kama unaihitaji.

Kuna brauza inayosoma Kiswahili kwa sauti?

Hili swali aliniuliza mzee mmoja ambaye macho yamepungua nguvu na ndo jibu nnalolipenda kuliko yote hapa. Edge. Fungua habari yoyote ya Kiswahili, bonyeza Ctrl, Shift na U, inaanza kusoma. Ingia kwenye chaguo za sauti utakuta Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Wanasoma vizuri, sio ile ya roboti anayesoma Kiswahili kama Mzungu wa wiki ya kwanza. Kuna majina wanayakosea mkazo na namba wanazivuruga, lakini mzee sasa anasikiliza gazeti zima na kikombe chake cha kahawa. Inabidi uwe na intaneti, sauti zinatoka kwenye seva zao. Spidi unaweza kupunguza, yule mzee kaishusha kidogo, anasema Daudi ana haraka.

Na Chrome kwa upande wake unaweza kuigeuza yote iwe Kiswahili, menyu na kila kitu, mama yangu ndo anaitumia hivyo.

Hizi brauza mpya za AI vipi?

2025 zilitoka kwa fujo, kampuni ya Perplexity wakaleta Comet, OpenAI wenye ChatGPT wakaleta Atlas, ikianzia kwenye Mac. Unaiambia nitafutie, nijazie, ninunulie, inabonyeza yenyewe. Shida ni kwamba tovuti inaweza kuficha maandishi yanayoipa amri ile AI bila wewe kuona, na hadi sasa hakuna aliyelimaliza hilo. Cheza nayo, usiipe akaunti ya hela.

Nikihama nitapoteza alamisho na paswedi zangu?

Hapana. Brauza mpya ikifunguka mara ya kwanza inakuuliza kama ilete vitu vya zamani, kubali. Ukipitwa, iko kwenye setingi. Usifute ya zamani hadi wiki mbili zipite, kuna paswedi moja lazima itakuwa imebaki nyuma, mara nyingi ile ya mahali unapoingia mara moja kwa mwaka.

Na daunlodi kwenye tovuti ya wenyewe, Firefox ni mozilla.org, Chrome ni google.com/chrome. Ukitafuta tu "download Chrome" ukabonyeza tangazo la kwanza unaweza kujikuta umeweka dude lingine.

Nimefunga tabu kwa bahati mbaya nikiwa katikati ya fomu, inarudi?

Ctrl, Shift na T. Inafanya kazi Chrome, Edge, Firefox, Brave, na ukiibonyeza tena inarudisha iliyofungwa kabla yake, na kabla yake tena. Ukurasa utarudi, ulichokuwa umeandika kwenye fomu wakati mwingine kinarudi wakati mwingine hapana. Dirisha la siri ndo usilitegemee kurudisha kitu, kwaiyo ukiwa unajaza fomu ndefu ndani ya dirisha la siri dukani kwangu, hifadhi kila ukurasa kabla hujaenda unaofuata, na usimwache mtoto karibu na kibodi.